Mhuri wa Posta, Honi ya Lori: Accra Ilivyonaswa Kwenye Tepu

Mwaka 1975, katika ofisi ya posta ya Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, pembezoni mwa Accra, mtafiti wa muziki Mmarekani James Koetting aliwasha kinasa sauti mbele ya watumishi wanne waliokuwa wakigonga mihuri kwenye barua. Wawili wamekaa mezani. Barua inavutwa kwa kupigwapigwa kiganja, mhuri unachovywa kwenye wino, kisha unashuka juu ya stempu. Ingekuwa kazi tupu, pigo moja lingetosha. Wao wanagonga mara mbili, mara tatu, wanarudi kwenye wino pasipo haja, wanaacha pengo halafu wanaliziba. Wa tatu ameshika mkasi usiokata chochote. Anauchezesha tu, uchekecheke juu ya mihuri. Wa nne anapiga mluzi, na wenzake wanaingia na miluzi yao. Wimbo wenyewe ni wa kanisani, "Bompata", uliotungwa na Mghana W. J. Akyeampong.

Rekodi hiyo ya dakika chache ilikuja kuwekwa kwenye kitabu cha kiada, Worlds of Music, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wamekuwa wakifundishwa kwayo kwa miaka mingi. Kichwa chake kinataja kazi na mahali. Majina ya wapigaji hayamo. Sidhani kama Koetting alikuwa na nia mbaya. Bila yeye tusingesikia kitu. Lakini historia nzima ya kunasa sauti Accra inazunguka hapo hapo: nani ahesabiwe mwanamuziki, na nani aachwe abaki mtumishi wa posta.

Mashine zilianza na kinachouzika. Mwaka 1928 wanamuziki wa Gold Coast, kama Ghana ilivyoitwa enzi za mkoloni, walifika London chini ya Kwame Asare, aliyejulikana pia kama Jacob Sam. Walijiita Kumasi Trio, na wakairekodia lebo ya Zonophone nyimbo kadhaa, "Yaa Amponsah" ikiwamo, ambayo hadi leo wapigaji wa highlife, muziki wa dansi wa Ghana, huihesabu kuwa shina la gitaa lao. Msomaji wa pwani yetu ataukumbuka mwaka huo. Ndio uleule ambao Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi kwa His Master's Voice. Lebo hizo mbili zilikuwa mali ya Gramophone Company ya Uingereza. Unguja kama Kumasi, aliyepanda meli kuifuata mashine alikuwa mwanamuziki, na alipofika alifungiwa chumba kisicho na soko wala jogoo wala mtoto anayelia. Santuri ya zama zile ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Wimbo wa kukesha nao ukakatwa ukatosha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya santuri ya Decca ikaja yenyewe Accra, na tarumbeta ya E. T. Mensah na bendi yake ya Tempos ikasikika kote Afrika Magharibi. Habari hiyo imeandikwa sana, siirudii.

Kazi ya uzito mwingine aliifanya J. H. Kwabena Nketia, mzaliwa wa Mampong katika nchi ya Waasante. Mwaka 1952 aliingia Chuo Kikuu cha Gold Coast kama mtafiti, kwa mwaliko wa mwanasosholojia K. A. Busia, akaanza kuzifuata ngoma na nyimbo kule zilikokuwa. Kitabu chake cha 1955 kinahusu maombolezo ya msibani ya Waakan, jambo ambalo halina studio: huwezi kumwita mfiwa aje Jumanne saa nne alie mbele ya kipaza sauti. Nketia alifariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 97, na hazina ya sauti ya Taasisi ya Taaluma za Kiafrika pale Legon ina jina lake. Sehemu nyingine ya kumbukumbu za jiji ilikusanywa na John Collins, mwanamuziki na mwanahistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya kijeshi ilipokataza watu kutoka usiku na kumbi za dansi zikafa njaa, yeye alikuwa akirekodi bendi katika studio yake ya Bokoor. Mwaka 2011 mafuriko ya Accra yaliingia kwenye makusanyo hayo. Tepu na picha hazijui kuogelea.

Pamoja na juhudi zote hizo, kwa muda mrefu vitu viwili ndivyo vilivyopewa tepu bila swali: ngoma ya jadi na bendi ya dansi. Lori halikuwa na rafu.

Nasema lori kwa sababu katika La, mtaa wa pwani ambao wageni huuita Labadi, madereva walikuwa na muziki wao. Malori ya Bedford yenye bodi za mbao, yaliyobeba abiria na mizigo kutoka Accra hadi bara, yalikuwa na honi za kubinya: mpira mkononi, mdomo wa shaba nje ya mlango, na sauti yake "por por". Wazee wa kazi wanasimulia kwamba pancha ikitokea usiku katikati ya msitu, dereva na utingo walijaza upepo kwa pampu ya mkono huku wenzao wakibinya honi na kugonga ringi za gurudumu kwa spana ili kuwafukuza wanyama. Pampu ina mwendo wake, na honi ikaufuata. Kila honi hutoa noti moja tu, kwa hiyo wimbo haukamiliki bila watu kupokezana, kama wafanyavyo wapiga makondere wa Bunyoro na Toro. Polepole kelele ya barabarani ikawa muziki wa chama cha madereva, ukipigwa karibu pekee katika mazishi ya dereva mwenzao.

Mwanaanthropolojia Steven Feld, aliyewahi kunasa sauti za msitu wa Papua New Guinea, alianza kufanya kazi Accra mwaka 2004, akakutana na madereva hao. Albamu ya kundi la chama cha madereva wa La ilitolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2007, Ghana ikitimiza miaka 50 ya uhuru, na safari hii jina la wapigaji likakaa juu ya jalada. Feld akatengeneza pia filamu ya mazishi ya mmoja wao, Ashirifie. Mpiga ngoma Nii Otoo Annan, aliyefanya kazi na Feld pia, alisikilizishwa vyura wa usiku wa Accra walionaswa kwenye tepu, akapiga juu ya mwendo wao; albamu ya Bufo Variations ya mwaka 2008 imetoka humo. Mimi naiona ya kijasiri kuliko highlife nyingi zilizorekodiwa kwa fedha nyingi.

Wenyeji wa jiji, Waga, wana hukumu yao ya zamani kuhusu sauti. Kila mwaka, karibu na Mei na Juni, nafaka ikishapandwa na kabla ya sikukuu yao ya mavuno, Homowo, ngoma na kelele hupigwa marufuku kwa siku 30. Makanisa mapya ya ngoma na vipaza sauti yalikataa, yakisema ibada si kelele, na mwaka 1998 ubishi ukageuka vurugu kanisani. Baada ya hapo halmashauri ya jiji, wazee wa Waga na viongozi wa dini waliketi kutafuta suluhu. Sasa marufuku ikikaribia, tangazo hutolewa kwamba makanisa, misikiti na baa zisiweke spika nje ya majengo yao, na kikosi maalumu hupita kukagua. Tro-tro, daladala ya Accra, huendelea kubeba abiria, na utingo wake, aliyening'inia mlangoni akiwaita wa Kwame Nkrumah Circle, "Circ! Circ! Circ!", huendelea na mahadhi yake mwezi mzima.