Bunduki za Ziwa Kisiba: Waliozifufua Hawana Majina

Kila mwenye simu na bando ameshakutana na zile video. Jamaa wa Marekani anaokota bunduki iliyoliwa na kutu, anaitumbukiza kwenye ndoo ya dawa, anaisugua kwa brashi ya waya, anapitisha grainda, na dakika ishirini baadaye inang'aa kama imetoka dukani. Haongei neno. Ni mlio wa chuma tu, na watu wanaangalia mpaka mwisho.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilikuwa ikikata kwa moto bunduki zake za M1 Garand, zile za nusu otomatiki, na kuuza vipande kama chuma chakavu. Mafundi wa mtaani wakavinunua na kuviunganisha tena kwa kuchomelea. Mchongo mzuri, ila chuma cha bunduki kikipoteza ugumu wake kwenye moto, mwenye kuifyatua ndiye atakayelipa kwa uso wake.

Rungwe nako kuna hadithi ya bunduki kuukuu, na wengi wanaifahamu kwa nusu tu.

Ukitoka Tukuyu kushuka kusini, kama kilomita 15 hivi, unafika Masoko. Pale kuna Ziwa Kisiba, ziwa la kreta, maji yametulia na miti imelizunguka. Pembeni yake kuna majengo ya mawe ya kambi ya askari wa Kijerumani. Wazee wa pale wanasimulia kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana, Wajerumani walitumbukiza kila kitu ziwani: dhahabu, magari, risasi na bunduki. Na kweli watu wamekuwa wakiokota heller za Kijerumani ufukweni na kuwauzia watalii. Ndiyo maana hadithi haifi. Ukishaona sarafu, unaanza kuota sanduku zima.

Lakini tuulize swali la kifundi. Hao Wajerumani walikuwa na bunduki za kutupa?

Vita vilipoanza Agosti 1914, kampuni nyingi za askari wa Schutztruppe, yaani jeshi la koloni, zilikuwa bado na Mauser ya 1871. Sio nusu otomatiki wala nini: risasi moja, unafyatua, unatoa ganda, unapakia nyingine. Noma zaidi ni baruti yake. Ilikuwa ya zamani, yenye moshi mzito, kiasi kwamba ukipiga mara moja tu adui anaona wingu na anajua kichwa chako kiko wapi. Walipowashinda Waingereza Tanga, Novemba 1914, furaha kubwa ilikuwa mzigo ulioachwa: mamia ya bunduki za kisasa, bombom kadhaa na risasi kama nusu milioni.

Halafu ikaja meli ya Rubens. Aprili 1915 ilifika Ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza. Ikapigwa, ikawaka moto, ikakaa kwenye maji ya kina kifupi. Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Kumbe chini ya makaa ya mawe kulikuwa na bunduki karibu 1,800 na mamilioni ya risasi. Wapiga mbizi wakaingia kuzitoa, moja baada ya nyingine.

Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikamwagwa na kuanikwa ikauke, zikafungwa tena. Hebu piga picha, mamilioni ya risasi, kwa mikono. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliisimulia kazi hiyo kwenye kitabu chake, na yeye jina lake lipo kila mahali. Wale waliokaa chini wakikausha baruti hawana hata mstari mmoja wa majina yao, na ndio waliokuwa na hatari zaidi, maana baruti haina utani.

Julai mwaka huohuo manowari ya Königsberg ikafia kwenye delta ya Rufiji. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ikatolewa majini na kupelekwa Dar es Salaam, na karakana ya reli ikaiundia magari yenye magurudumu ili iende nchi kavu. Mzinga wa meli kukokotwa porini! Na anayekokota ni nani? Wapagazi, mamia kwa mzinga mmoja. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, na watu wanapiga nao selfi bila kuwaza ulifikaje huko.

Na fundi wa chuma hakuja na meli ya Mzungu. Kabla ya Mjerumani, Wanyakyusa walipata majembe na mikuki yao kutoka kwa wahunzi wa Kikinga wa Milima ya Livingstone, watu waliokuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe. Ukipita leo karakana za Tukuyu ukaona vijana wanachomelea mageti na matela, hiyo fani ina babu zake milimani hukohuko.

Turudi ziwani. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey likavuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya sasa, ikaanguka ndani ya siku chache. Wajerumani walirudi nyuma kwa haraka, na jeshi linalokimbia hutupa vitu, hilo halina ubishi. Hata mizinga ya Königsberg waliilipua wenyewe iliposhindikana kuivuta. Ila jeshi lililoanika risasi moja moja haliachi bunduki nzima zizame hivihivi. Kama kuna chuma kwenye tope la Kisiba, kwa hesabu hiyo ni kile ambacho fundi alishakishindwa.

Hata zile sarafu zina mkono wa karakana. Pesa zilipokatika koloni lote, karakana ya reli ya Tabora ikaanza kugonga heller 20 zenye mwaka 1916 na herufi T, kwa shaba na madini chakavu. Tofauti na bunduki, heller ina mwisho mzuri: unaiosha, unaiweka mfukoni, haimlipukii mtu.

Risasi iliyokaa matopeni miaka mia bado inaweza kulipuka, hasa ukiipitishia moto wa kuchomelea au grainda. Na bunduki, hata iwe imeoza vipi, huwezi kwenda nayo gereji ukarekodi video. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni ya kumiliki na leseni ya kutengeneza, na anayekutwa na gobore la kienyeji analijua joto lake. Ukiokota kitu cha namna hiyo, kiache palepale, wapigie polisi.

Anayetaka kujua bunduki za Wajerumani ziliishia wapi, jibu liko ng'ambo ya mpaka. Tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, Zambia, baada ya kupita Njombe na Mbozi. Zilipohesabiwa, askari wake walikabidhi bunduki 1,071. Zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno.