Utakatifu wa Siri na Waliousimulia: Maisha ya Mwenyeheri Miriam Teresa Demjanovich (1901–1927)

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha ya Mwenyeheri Miriam Teresa Demjanovich, mtawa wa Marekani aliyefariki mwaka 1927 akiwa na umri wa miaka 26, ili kuhoji dhana ya utakatifu wa siri. Hoja kuu ni kwamba usiri wa maisha yake ulikuwa wa aina mbili: ule alioukubali mwenyewe kama njia ya sala na utii, na ule uliotokana na maamuzi ya wenye mamlaka juu yake. Waandishi wa maisha ya watakatifu huzichanganya aina hizo na kuziita zote unyenyekevu. Makala inaonyesha kwamba kuzitenganisha hakumpunguzii mtawa huyu heshima, bali kunauimarisha ushahidi wa fadhila zake.

1. Ugumu wa ushahidi

Kanisa Katoliki lina njia mbili kongwe za kumtambua mwenyeheri. Ya kwanza ni kifodini. Sista Anuarite Nengapeta wa shirika la Jamaa Takatifu aliuawa huko Isiro, Kongo, usiku wa kuamkia Desemba 1, 1964, masista wenzake wakiwapo. Tukio lilikuwa na mahali, saa na mashuhuda. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa, Agosti 15, 1985, swali zito lilikuwa juu ya kifo kimoja na sababu yake. Njia ya pili ni fadhila za kishujaa, ambapo mtu hutenda mema ya kila siku kwa kiwango kinachopita cha kawaida. Katika njia hii hakuna tukio moja la kuchunguza. Kuna miaka ya kufagia, kufundisha, kusali na kuugua, na mchunguzi anadaiwa aonyeshe kwamba ndani ya hayo mlikuwa na jambo kubwa.

Kwa mtawa kijana ugumu huzidi. Hakuanzisha shirika, hakujenga hospitali, wala hakuwa na umri wa kutosha kushika cheo. Pengo hilo hujazwa na msimulizi mmoja au wawili waliomjua kwa karibu, nao huwa na mapenzi na malengo yao. Mtakatifu Teresa wa Lisieux, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alijulikana duniani kupitia kitabu kilichotolewa mwaka 1898 baada ya kuhaririwa sana na dada yake, Mama Agnès. Maandishi yake kama alivyoyaacha yalichapishwa mwaka 1956. Kwa takriban miaka sitini, basi, wasomaji walimpenda Teresa ambaye kwa sehemu alikuwa kazi ya kalamu ya dada yake. Mtafiti wa utakatifu wa siri hana budi kuanza na swali hili: nani aliificha siri, na nani aliifichua?

2. Kutoka Bayonne hadi Convent Station

Teresa Demjanovich alizaliwa Machi 26, 1901, katika mji wa Bayonne, New Jersey, akiwa kitindamimba wa watoto saba. Wazazi wake walikuwa wahamiaji Waruthenia kutoka eneo ambalo leo ni Slovakia. Bayonne ya wakati huo ilikuwa mji wa viwanda vya kusafishia mafuta na wafanyakazi kutoka Ulaya ya Mashariki. Mwaka 1915 mji huo ulitikiswa na mgomo mkubwa katika kiwanda cha Standard Oil.

Familia hiyo ilikuwa ya Wakatoliki wa riti ya Kibizanti, na Teresa alibatizwa na kupakwa krisma katika riti hiyo. Jambo hili si dogo. Waruthenia wa Marekani waliishi wakidharauliwa na wengi wa viongozi wa Kilatini. Waraka wa Kipapa wa mwaka 1907, *Ea Semper*, uliobana mamlaka ya askofu wao, ulizua uchungu uliowasukuma wengine kuhamia Kanisa la Kiorthodoksi. Teresa alipoingia baadaye katika shirika la Kilatini hakubadilisha riti yake rasmi. Alisali kwa Kilatini pamoja na wenzake huku akiwa bado mtoto wa Kanisa la Mashariki, na wengi waliomzunguka hawakuwa na sababu ya kulikumbuka jambo hilo.

Baada ya shule ya sekondari alibaki nyumbani kumuuguza mama yake, aliyefariki Novemba 1918 wakati wa janga la homa ya mafua. Mwaka 1919 alijiunga na Chuo cha Mtakatifu Elizabeth, akahitimu mwaka 1923 kwa ufaulu wa juu kabisa katika fasihi, kisha akafundisha Kilatini na Kiingereza katika shule ya wasichana ya Jersey City. Alitamani kuwa Mkarmeli, lakini afya yake haikuruhusu. Februari 11, 1925, siku chache baada ya kifo cha baba yake, alipokelewa na Masista wa Upendo wa Mtakatifu Elizabeth huko Convent Station, na Mei 17 mwaka huohuo akavishwa mavazi ya kitawa. Siku hiyohiyo, huko Roma, Papa Pius XI alimtangaza Teresa wa Lisieux kuwa mtakatifu.

Mfululizo huu unapinga picha iliyozoeleka ya mtawa wa siri kuwa msichana mnyonge asiye na elimu. Demjanovich alikuwa msomi na mwalimu. Kama alifichika, hakufichika kwa kukosa uwezo wa kuonekana.

3. Sauti ya padre, mawazo ya novisi

Juni 1926 Padre Benedict Bradley, Mbenedikto aliyekuwa mkurugenzi wa kiroho wa manovisi, alimwomba Sista Miriam Teresa amwandikie mafundisho ambayo yeye mwenyewe angeyatoa mbele ya manovisi. Wakuu wa shirika waliridhia. Yalipatikana mafundisho 26. Bradley aliyatoa kama yake, na mwandishi wake akaketi miongoni mwa wasikilizaji. Baada ya kifo cha novisi huyo, padre alibandika tangazo katika nyumba mama akieleza kwamba mafundisho waliyoyasikia yaliandikwa na Sista Miriam Teresa. Mwaka 1928 yalitolewa kama kitabu, *Greater Perfection*, chini ya uhariri wa Padre Charles Demjanovich, kaka wa marehemu.

Wasimulizi wengi hukipenda kisa hiki kama mfano wa unyenyekevu, na ndivyo kilivyo kwa upande wa novisi. Aliombwa akaandika, na hakumwambia mtu. Lakini wazo la kuliondoa jina halikuwa lake. Lilitokana na muundo wa nyumba ya kitawa ya mwaka 1926, ambamo novisi mwenye mwaka mmoja hakuwa na nafasi ya kuwafundisha wenzake, na mwanamke hakuwa na mimbari. Bradley aliamini kwamba kijana huyo alikuwa na nuru za kiroho zisizo za kawaida na kwamba siku moja angehesabiwa miongoni mwa watakatifu. Hakuweza kumpa mimbari, akamwazima sauti. Kwa hiyo tuna matendo mawili: utii wa novisi, ambao ni fadhila yake, na mpango wa padre, ambao ni ukweli wa kihistoria unaostahili kupimwa kwa mizani yake yenyewe.

Mpango huo uliacha faida isiyokusudiwa kwa mtafiti. Mafundisho yalisikika mwandishi akiwa hai na bila sifa yoyote, hivyo hayawezi kusemwa kuwa zao la heshima iliyozuka baada ya kifo. Ni kweli kwamba manovisi waliyapokea kwa heshima ya padre aliyekuwa akizungumza. Hata hivyo, hawakuyapokea kwa kumpendelea mwenzao, na hilo ni adimu katika ushahidi wa aina hii, ambao kwa kawaida hukusanywa wakati kila mtu amekwisha kuamua kwamba marehemu alikuwa mtakatifu.

4. Ugonjwa ambao haukuaminiwa

Novemba 1926 Sista Miriam Teresa aliugua na kufanyiwa upasuaji wa tonsili. Aliporudi konventini aliweza kutembea kwa taabu tu. Siku chache baadaye aliomba arudishwe chumba cha wagonjwa, lakini mkuu wake, kwa kuona ajabu kwamba mtu kijana kiasi hicho aweze kuwa mgonjwa kiasi hicho, alimtaka ajikaze. Bradley alipoiona hali yake alimwarifu kaka wa mgonjwa, Padre Charles, naye akamwita dada yao aliyekuwa muuguzi. Dada huyo ndiye aliyempeleka hospitalini, ambako iligunduliwa kwamba alikuwa amechoka kupita kiasi, na alikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo pamoja na kidole tumbo. Aprili 2, 1927, aliruhusiwa kuweka nadhiri za daima katika hatari ya kufa. Alipasuliwa kidole tumbo Mei 6, akafariki Mei 8.

Hapa ndipo mkanganyiko wa aina mbili za usiri unapoleta madhara. Uvumilivu wa mgonjwa ni wake. Kuchelewa kumwamini ni kwa nyumba iliyomlea. Msimulizi anayeyaweka yote mawili chini ya kichwa cha mateso yaliyofichika huligeuza kosa la uangalizi kuwa sehemu ya njia ya utakatifu. Zaidi ya hayo, huwafundisha wasomaji wake, wakiwemo walezi wa manovisi, kwamba kutomsikiliza mgonjwa kunaweza kuwa baraka kwake.

5. Mafundisho yenyewe

Kiini cha mafundisho ya Demjanovich ni kwamba muungano na Mungu ndio lengo la kila mbatizwa, katika kila hali ya maisha. Hoja hiyo ya kitheolojia ilikuja kutamkwa na Kanisa zima katika sura ya 5 ya *Lumen Gentium*, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani iliyotangazwa Novemba 21, 1964. Hakuna haja ya kudai kwamba maandishi ya novisi yaliuathiri Mtaguso. Inatosha kuona kwamba aliishika hoja hiyo miaka karibu arobaini kabla, katika mazingira ambamo ukamilifu ulionekana na wengi kuwa jambo la watawa.

Fundisho hili linabadilisha maana ya usiri wake. Kama utakatifu ni wa mama wa nyumbani, mwalimu na mfanyakazi wa kiwanda cha mafuta, basi kutojulikana ndiyo hali ya kawaida ya watakatifu walio wengi. Anayeusifu usiri wa Demjanovich kama muujiza wa pekee anampinga yeye mwenyewe katika jambo alilolisisitiza zaidi.

6. Pingamizi

Inaweza kusemwa kwamba uchambuzi huu unaingiza mashaka ya kisasa katika maisha ya mwanamke aliyeweka utii wake kwa hiari. Pingamizi hili lina uzito, maana hakuna ushahidi kwamba alilalamika. Lakini hiari ya anayetii haimwondolei wajibu anayeamuru. Hata Bradley hakuridhika kuacha mambo yabaki yalivyo: tangazo alilolibandika lilikuwa kukiri kwamba jina lilimstahili aliyeandika. Mwenye siri alikuwa wa kwanza kuona kwamba siri ilikuwa na mwisho.

Mchakato wa kumtangaza nao ulihitaji uwazi huo. Papa Benedikto XVI alithibitisha fadhila zake za kishujaa mwaka 2012, na mwaka 2013 Papa Fransisko alikubali muujiza uliohusu mvulana aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona katika miaka ya 1960 na akapona. Oktoba 4, 2014, alitangazwa mwenyeheri katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Newark, katika ibada ya kwanza ya aina hiyo kufanyika katika ardhi ya Marekani. Bila maandishi yenye jina lake, hoja juu ya maisha yake ya ndani ingetegemea kumbukumbu za watu wachache tu.

7. Hitimisho

Utakatifu wa siri unathibitika pale msimulizi anapoweza kuonyesha kile ambacho mtu mwenyewe alichagua, akakitenga na kile alichofanyiwa. Kwa kipimo hicho Demjanovich anabaki imara: msomi aliyekubali kuwa mwanafunzi, mwandishi aliyesikiliza maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine, mgonjwa aliyeomba msaada na kungoja. Kuomba msaada kwenyewe ni ushahidi kwamba hakuyatafuta mateso kwa ajili ya mateso.

Mashirika ya kitawa yanayokusanya leo habari za masista wao waliofariki vijana yanaweza kufaidika na mfano huu kwa njia ya vitendo. Barua, daftari za mafundisho, kumbukumbu za wagonjwa na maamuzi ya wakuu yahifadhiwe mapema, yakiwemo yale yasiyoipendeza nyumba. Sifa zilizoandikwa kwa ajili ya maziko hazitoshi kumtetea mtu mbele ya uchunguzi. Nyaraka za siku za kawaida ndizo zitakazoonyesha kama wema wake ulikuwa wake.