Jinsi Wapaka Sanamu Walivyowasha Moto kwa Rangi

Novemba 2025, National Gallery ya London ilifungua maonyesho ya Joseph Wright, mchoraji wa Derby aliyefariki mwaka 1797, bingwa wa kuchora watu waliozunguka taa moja gizani. Jirani tu na Derby, mjini Nottingham, ndiko yaliko makao ya Games Workshop, kampuni inayotengeneza mchezo wa vita wa mezani uitwao Warhammer. Sanamu za mchezo huo nyingi hazizidi urefu wa kidole gumba, na wanaozipaka wameendeleza ujuzi ule ule wa Wright. Majumba makubwa ya sanaa yamechelewa mno kuwatambua.

Michezo ya vita ya sanamu ina umri mkubwa. Mwandishi H. G. Wells alichapisha kanuni zake katika kitabu cha Little Wars mwaka 1913, Warhammer ikaja mwaka 1983, na mashindano ya upakaji ya Golden Demon yakaanza mwaka 1987. Kwa miaka mingi kanuni ya wapakaji ilikuwa moja: mwanga unatoka juu, kama jua la adhuhuri. Sehemu zilizoinuka hung'arishwa, mabonde hutiwa giza. Askari aliyeshika mwenge alipakwa mwenge wa manjano, na uso wake ukabaki vile vile, kana kwamba moto ule haumhusu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jina linalotajwa mara nyingi ni la Victoria Lamb wa Australia. Kazi yake, The Rescue of Sister Joan, ina moto ndani yake, na moto huo ndio unaoamua rangi ya kila kitu kilicho karibu nao. Vyuma vinavyoutazama vimeiva rangi ya chungwa. Vilivyouelekezea mgongo vimezama gizani. Na bado ni rangi tupu, bila balbu wala waya.

Kufanya hivyo kunadai hesabu kali. Chanzo cha mwanga lazima kiwe sehemu inayong'aa kuliko zote, la sivyo jicho halidanganyiki. Kiini cha moto hupakwa karibu na weupe, kisha manjano, chungwa na nyekundu, ncha za ndimi zikiishia kwenye weusi. Anayeanza kujifunza mara nyingi hupanga kinyume. Joho la buluu likimulikwa na moto halibaki buluu safi, bali hufifia kuelekea kijivu au hudhurungi. Shavu lililo upande wa mwenge hupokea rangi, pua hutupa kivuli, na mkunjo wa nguo usiouona moto hauguswi kabisa.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka, na haujaisha. Wachezaji wengi walilalamika kwamba sanamu ni ya kuchezewa: huzungushwa, husogezwa, hutazamwa chini ya taa ya dukani, na mwanga uliogandishwa upande mmoja huonekana kama doa. Wapakaji wa mashindano wakajibu kwamba hata jua la adhuhuri lililozoeleka ni mwanga uliogandishwa. Tofauti ni kwamba macho yamelizoea. Wengine wakapachika taa ndogo za umeme ndani ya sanamu, wakiona wamemaliza ubishi. Hawakuumaliza. Balbu humulika kila kitu kilicho mbele yake, wakati mpakaji huchagua kipi kionekane. Wright alifanya hivyo mwaka 1766 katika picha yake ya chombo cha kuonyesha mwendo wa sayari: aliweka taa mahali pa jua, kisha akamsimamisha mtu mbele yake, ili tuuone mwanga kwenye nyuso za watazamaji bila kuiona taa yenyewe.

Miaka ya karibuni imeleta brashi za hewa za bei nafuu na rangi zinazong'aa kupita kiasi. Kila panga sasa lina ukungu wa kijani uliopulizwa kwa dakika chache, mara nyingi bila kivuli hata kimoja. Wepesi huo unaufukia ujuzi uliojengwa kwa subira.

Picha ile ya Wright ni mali ya jumba la makumbusho la Derby. Jumba hilo lingefanya jambo la haki kuweka kando yake kabati moja la sanamu hizi, zikiwa na majina ya waliozipaka.