Kutoka Usaha wa Tübingen hadi Hamira

Katika ngome ya Tübingen, nchini Ujerumani, palikuwa na jiko la kale lililogeuzwa maabara, na humo ndimo Friedrich Miescher, tabibu kijana wa Uswisi, alimokuwa akiosha bandeji zenye usaha, hata mnamo mwaka 1869 akatoa katika viini vya seli dutu asiyoijua mtu, naye akaiita nukleini. Hiyo ndiyo DNA ya leo. Haikupita miaka mingi Albrecht Kossel akapata katika damu ya bata bukini, mwaka 1884, protini ziitwazo histoni. Lakini hizo, maskini, zilidumu karibu karne nzima zikihesabiwa na wataalamu wengi kuwa vifungashio tu.

Mwaka 1974 Roger Kornberg alibainisha kwamba DNA huzungushwa juu ya mafungu ya histoni nane nane, mfano wa uzi juu ya kibiringo, na kila fungu, kama ilivyothibiti baadaye, hukumbatia jozi zipatazo 147 za herufi za urithi. Hivyo ndivyo DNA ya mwanadamu, yenye urefu wa takriban mita 2, inavyoenea katika kiini kisichoonekana kwa macho. Lakini kilichofungwa hivyo husomwaje?

Jawabu, kinyume cha matarajio, halikutoka kwa mnyama yeyote bali kwa hamira. Mnamo miaka ya 1980 kundi moja la watafiti lilikuwa likichunguza hamira zilizoshindwa kutumia sukari, na jingine hamira zilizoshindwa kubadili jinsi, pasipo kudhani kuwa wanafuatia jambo moja. Kumbe hitilafu zote mbili zilikuwa za mtambo mmoja wa protini, SWI/SNF, nazo zilipungua histoni zenyewe zilipobadilishwa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo histoni ziliporudishiwa heshima yao.

Mwaka 1993 protini BRG1, ndugu ya mojawapo ya protini za mtambo huo, ikatambuliwa katika mamalia. Kwa nguvu itokayo katika ATP, molekuli ibebayo nishati ya seli, mtambo huo husukuma histoni, huzilegeza, au huzing'oa kabisa, ili seli ya ini isome yaliyo ya ini na ya neva yasomwe na neva.

Mwaka 1998 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa sehemu mojawapo ya mtambo huo, SNF5, huharibika katika uvimbe mbaya wa watoto wachanga. Na uchunguzi uliofuata umekuta kasoro za mtambo huu katika saratani za wanadamu zipatazo moja kwa kila tano.