Kihamba na Zizi

Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa, na nyumba nyingi za Dar es Salaam hubaki na mlinzi tu. Wengi hudhani ni Krismasi peke yake. Chimbuko lake ni kihamba. Kwa mila ya Wachagga, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliopewa kipaumbele katika kurithi shamba la migomba. Wa katikati mara nyingi alilazimika kujitafutia kwingine. Ardhi ya mlimani ilipobanana, na fedha za kahawa zikasomesha vijana, hao wa katikati walitawanyika mijini wakawa makarani, walimu na wafanyabiashara. Makaburi ya wazee yalibaki mgombani, na aliyeondoka alitarajiwa kurudi.

Msukuma alihama kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa utajiri wake ulikuwa na miguu. Malisho yalipopungua Shinyanga na Mwanza, ilihama kaya nzima pamoja na ng'ombe: Geita, kisha Rukwa, Usangu, hata bonde la Kilombero. Hapakuwa na kihamba cha kumvuta nyuma.

Hapo ndipo ninapogombana na watunga sera wetu. Mhamaji wa Kichagga tunamwita mtafutaji. Wa Kisukuma, mvamizi. Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu, wengine wakaelekezwa Lindi. Baadhi ya waliozaliwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa tayari na watoto wao siku amri ilipotoka.