Sumu ya Msunguti na Historia ya Pampu ya Sodiamu

Katika nyika iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, msunguti ulijulikana tangu zamani kuwa mti wa sumu, kwa kuwa magome, mizizi na vipande vya shina lake vilichemshwa kwa saa nyingi hadi maji yakabaki utomvu mweusi mzito kama lami, nao Wagiriama, Wakamba na Waata, hao wa mwisho wakiwa mabingwa wa kuwinda ndovu kwa upinde, waliupaka kwenye mishale yao. Wapikaji wa sumu hiyo walikuwa na ujuzi wa kina, maana walifahamu kwamba ikiingia katika damu husimamisha moyo wa mnyama mkubwa, ilhali nyama ya mnyama huyo huliwa bila madhara baada ya kukatwa sehemu iliyo karibu na jeraha. Ujuzi huo unastahili kutajwa mwanzoni kabisa mwa historia ya uchunguzi wa shinikizo la juu la damu, ingawa vitabu vingi huanza na maabara za Ulaya.

Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitenga kiini cha sumu ya msunguti, nacho kikaitwa uabaini, kwa jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Kiini hicho ni cha jamii ya glikosidi za moyo, yaani dutu za mimea zinazoongeza nguvu ya mapigo zikitumiwa kwa kipimo kidogo na kuua zikizidi, kama zile za digitalisi ambayo tabibu Mwingereza William Withering aliiandikia kitabu mwaka 1785. Kwa muda mrefu waganga walizitumia dawa hizo pasipo kujua zinashika wapi mwilini.

Jibu lilipatikana katika utando wa seli, ngozi nyembamba inayoizunguka kila seli na kuchuja kinachoingia na kutoka. Ndani ya seli hai potasiamu ni nyingi na sodiamu ni haba, na nje hali ni kinyume, tofauti ambayo haiwezi kudumu pasipo kitu kinachozisukuma daima ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme. Mwaka 1953 Hans Schatzmann wa Uswisi alionyesha kwamba glikosidi za moyo huzuia usafirishaji huo katika chembe nyekundu za damu. Na mwaka 1957 Jens Christian Skou, akifanya kazi Aarhus nchini Denmark na neva za miguu ya kaa zilizosagwa, alieleza kimeng'enya kinachochochewa na sodiamu na potasiamu kwa pamoja. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba kimeng'enya hicho ndicho pampu yenyewe. Mwaka 1958, mjini Vienna, Skou alikutana na Mmarekani Robert Post, akafahamishwa juu ya uabaini, na jaribio lilipofanywa kimeng'enya kikazimwa na sumu ileile ya mishale. Baadaye ilibainika kwamba katika kila mzunguko pampu hutoa ayoni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Skou alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997.

Wakati huohuo wachunguzi wa figo walikuwa wakifuata njia nyingine. Mwaka 1961 Hugh de Wardener wa London aliona kwamba mbwa waliotiwa maji ya chumvi mishipani walitoa sodiamu kwa nguvu ya kitu fulani kilichomo katika damu, na katika miaka hiyo Lewis Dahl, huko Marekani, aliunganisha mizunguko ya damu ya panya waliodhurika na chumvi na wale wasiodhurika, akaona shinikizo likipanda hata kwa hao wa pili. Mwaka 1977 Mordecai Blaustein alizikutanisha njia hizo: figo inaposhindwa kutoa chumvi, mwili hutoa homoni inayozuia pampu ya sodiamu, sodiamu huongezeka ndani ya seli za misuli ya kuta za ateri, protini nyingine, inayobadilishana sodiamu na kalsiamu, huacha kalsiamu ikusanyike, nayo kalsiamu ndiyo inayokaza misuli, hivyo ateri husinyaa na shinikizo hupanda.

Mwaka 1991 John Hamlyn na wenzake waliripoti kwamba katika damu ya binadamu wamekuta dutu isiyotofautishika na uabaini. Dai hilo lilizusha ubishi mkali, kwani maabara nyingine hazikuiona, na digoksini, jamaa ya karibu ya uabaini, haipandishi shinikizo la panya kama uabaini unavyofanya. Hata hivyo, hoja yenye uzito zaidi haitegemei utambulisho wa dutu hiyo: mwaka 2005 kundi la Jerry Lingrel, huko Cincinnati, lilitumia panya ambao aina moja ya pampu zao ilibadilishwa kijeni ili uabaini usiweze kuishika, na panya hao, walipopewa homoni ya ACTH ambayo huwapandishia wenzao shinikizo la damu, shinikizo lao halikupanda.