Karatasi ya Kijerumani

Shangazi yangu alikuwa anasafisha vyumba kwenye hoteli moja ya ufuoni hapa Galu, na mgeni akishaondoka kuna vitu hubaki nyuma: sabuni ndogondogo, mafuta ya jua nusu chupa, kitabu kilicholowa maji ya bahari. Siku moja alikuja na kiboksi cha tamponi. Nilikuwa na miaka 14, na pakiti ya pedi nyumbani kwetu ilikuwa kitu cha kuombea mapema, kabla pesa ya unga haijatoka. Ndani ya kiboksi kulikuwa na karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, maandishi madogo, Kijerumani mwanzo mwisho. Nikaangalia michoro, nikaelewa inaingia vipi, nikaitupa karatasi.

Tamponi ya kwanza nilikaa nayo tangu asubuhi nilipoenda shule mpaka nilipoamka kesho yake. Hesabu yangu ilikuwa hivi: ziko nane, siku ni tano, kwa hivyo tusiharibu. Sikupatwa na kitu. Miaka ikapita, nikaanza chuo, nikaacha chuo, nikaanza kuandikia watu makala kwa malipo ya M-Pesa. Mteja mmoja akataka maelezo kuhusu bidhaa za hedhi. Hapo ndipo nilipojua ile karatasi ilikuwa inaniambia nini. Wallahi nilikaa kimya mbele ya simu kwa muda.

Basi ngoja niwape hadithi yake. Mwaka 1978 daktari wa watoto kule Denver, Marekani, James Todd, pamoja na wenzake, waliandika kuhusu watoto saba, wa kike na wa kiume, waliopata homa kali, upele kama wa kuunguzwa na jua, na presha kushuka ghafla. Waliuita ugonjwa huo mshtuko wa sumu. Sumu yenyewe hutolewa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi wanaishi naye puani na kwenye ngozi bila neno. Kufikia 1980 visa vilikuwa vinamiminika, na sasa wengi walikuwa wasichana na wanawake vijana, wakiwa kwenye siku zao, wakitumia tamponi. Jina lililotajwa zaidi lilikuwa Rely, ya kampuni ya Procter & Gamble.

Rely haikuwa pamba. Ilikuwa kama kifuko cha majani ya chai kilichojazwa vipande vya sponji ya plastiki na kemikali ya kufyonza maji, na ilifyonza sana hadi mtu angeweza kusahau kama ameivaa. Ndicho walichoipendea. Yani, wale wanawake wa Marekani wenye pesa zao walikuwa wanafanya kilekile nilichokifanya mimi, kukaa nayo muda mrefu, ila wao kwa sababu waliambiwa inawezekana. Wengine walikufa. Septemba 1980 kampuni ikaiondoa Rely sokoni, na 1982 serikali ya Marekani ikalazimisha onyo kwenye tamponi zote. Chagua inayofyonza kidogo kadiri inavyokutosha. Badilisha kila baada ya saa nne hadi nane, usizidishe nane. Ukipata homa ya ghafla, kutapika, kizunguzungu au upele ukiwa umeivaa, itoe na ukimbie hospitali, umwambie daktari ulikuwa unatumia nini. Ugonjwa huu ni nadra sana, sitaki mtu aogope tamponi kwa sababu yangu. Lakini kila sentensi ya ile karatasi iliandikwa baada ya mtu kuzikwa.

Sasa, kwetu Pwani karatasi hii ilikuwa mtu. Neno sodo halikuletwa na kampuni yoyote. Ni neno la Kiswahili la kitambaa cha hedhi, na kitambaa hicho kilikuja na mwanamke wa kukufundisha. Binti akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi. Kuna kitabu, Wanawake Watatu wa Kiswahili, ambamo wanawake wa Mombasa wanasimulia maisha yao kwa Sarah Mirza na Margaret Strobel, na mmoja wao, Mishi wa Abdala, alikuwa kungwi. Nikikisoma nashangaa jinsi elimu ya mwili wa msichana ilivyokuwa kazi ya mtu, yenye heshima yake na siku zake.

Sisemi turudi huko. Elimu ile ilichanganya usafi na jinsi ya kumridhisha mume, na kwa mtoto wa miaka 13 hilo lina matatizo yake. Hata nyanya yangu, aliyechana leso kuukuu akazitumia maisha yake yote, alifunzwa kufua vizuri kwa sabuni halafu aanike chini ya nguo nyingine wanaume wasione. Kitambaa kisichopigwa na jua hakikauki, hasa kwenye unyevu wa huku kwetu, na kikivaliwa kibichi kinaleta muwasho na maambukizi. Aibu iliharibu ushauri uliokuwa mzuri nusu.

Somo aliondoka, shule ikaja, halafu ikaja serikali. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi, tukiwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa duniani. Mwaka 2011 ushuru wa kuziingiza nchini ukafutwa. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini sheria inayotaka kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Ni sheria nzuri. Isome utafute palipoandikwa nani atakaa na huyo mtoto amweleze.

Majirani zetu wa Kilifi walilipima jambo hili. Kati ya 2017 na 2018 watafiti waligawa shule 140 za msingi: nyingine zilipata pedi, nyingine masomo ya afya ya uzazi, nyingine vyote, nyingine hazikupata kitu. Mahudhurio hayakubadilika. Masomo ndiyo yaliyobadilisha wasichana wanajua nini na wanajionaje. Pedi zina kazi yake, na aliyewahi kukosa hahitaji utafiti, lakini mimi nilikuwa na kiboksi kizima na bado nilikuwa gizani.

Shangazi hafanyi kazi hotelini tena. Bintiye ana miaka 13, na juzi alirudi na pedi kutoka shuleni. Nikamwandikia karatasi kwa Kiswahili nyuma ya risiti ya duka. Badilisha kila saa nne hadi sita hata kama haijajaa. Usiingize sabuni, chumvi wala manukato ndani, maji kwa nje yanatosha. Kitambaa anika juani, na akiuliza mtu mwambie ni cha kwangu. Ukijaza pedi kila saa, au damu ikipita siku saba, au pakiwasha na kutoa harufu isiyo ya kawaida, twende zahanati, nitakusindikiza.

Akasoma yote polepole, akakunja risiti.

"Dada, na baharini je? Naweza kuingia nayo?"

Nikamwambia pedi itakunywa Bahari ya Hindi yote. Akacheka sana. Kisha akaniuliza tamponi ni nini.